Pulee Ndogo

Bi Somoe, naandika kwa sababu mdomoni halitoki.
Lile Isuzu la marehemu Nammonga
lilizaliwa kuvuta pumzi yake lenyewe.
Halina tabo, halina wa kulipulizia;
hewa iliyokuwepo ndiyo lilivuta, kama sisi.
Kushuka na korosho hakuna aliyelalamika.
Kupanda ndiko kulikotuumbua:
mifuko mia mbili ya salfa kutoka Masasi,
na pale mlima wa Newala unapokunja shingo,
gia ya kwanza, moshi,
watoto wa shule wanatupita kwa miguu
na kutupungia.

Ukaja Jumatatu na bodaboda.
Vijana wawili wakashusha kitu kilichofungwa kwenye kanga,
jina la kanga limemezwa na oili.
Supachaja. Mtumba.
Ukasema imetoka Mtwara, kwa wale waliokuja kutafuta gesi,
wakaondoka, wakaacha vyuma na ahadi.
Nikaizungusha kwa kidole:
mapanga mawili tumboni yakapishana bila kugusana
kama mkwe na mkwewe kwenye ujia mwembamba.
Beringi moja ilikuwa inalia.

Nikakwambia, mama, injini hii ina miaka thelathini na mbili.
Kifua kilichozoea kuvuta, ukikisukumia,
kitapasua gasketi, kitatoboa pistoni,
na mbio za sakafuni huishia ukingoni;
ukingo wa Newala unaujua ulivyo,
ukitazama chini unaiona Ruvuma.
Ukacheka.
"Fundi Chilumba, nawe unaogopa upepo?"

Siku tisa.
Beringi ikaja na basi la Dar, imefungwa kwenye soksi.
Kitako nikakichomelea kwa chesi ya trela bovu la Mzee Chihepo.
Manifoldi nikaikata, nikaiunga, nikaikata tena.
Pampu nikaifungulia dizeli robo ya mzunguko,
maana hewa bila mafuta ni maneno matupu.
Ukawa unaleta uji wa mtama saa nne,
unauliza, bado?
Bado.

Sasa nisikilize.
Supachaja ilikuja na pulee yake, ndogo, kama ngumi ya mtoto.
Pulee ndogo, mzunguko mwingi, upepo wa kuezua paa.
Usiku wa nane nikaenda kwa Liundi mwenye mashine ya kukereza,
tukachonga nyingine, pana kama kisahani.
Hiyo ndiyo niliyofunga.
Hukuniuliza. Sikusema.

Juni ile tulipanda gia ya pili.
Ya pili, Bi Somoe! Ulipiga dashibodi kwa kiganja,
ukapiga vigelegele mpaka utingo akaamka juu ya mifuko.
Watoto wa shule safari hii tuliwapungia sisi.
"Hizo ndizo nguvu zake zote?" ukauliza.
Nikajibu, zote,
nikitazama geji ya joto, si uso wako.

Misimu mitatu sasa.
Nasikia Kitangari unawaambia watu
lori lako linapumua pumzi ya wazungu wa gesi.
Wacha liseme hivyo.
Pulee ndogo iko kwangu, ndani ya kopo la Kimbo,
chini ya nati, nimeipaka grisi isile kutu.

Si upepo niliouogopa.
Nilikuwepo Ndanda, wiki ile ya mwisho,
wewe umetoka kununua maji.
Nammonga ana mpira puani,
hewa inasukumwa ndani, kifua kinapanda,
kinapanda kuliko kilivyotaka,
na macho yake yananiambia, Chilumba, punguza.
Sikujua swichi iko wapi.

Basi ndiyo hiyo.
Lori ni lako, na pulee ni yako.
Ukiitaka, njoo uichukue,
sitakuuliza ya nini.
Ila njoo asubuhi,
injini ikiwa bado imepoa.